Nyuzi za Bibi Pindo

Watu wakimsifu wifi yangu mbele yangu, mimi hunyamaza au huondoka. Na wanaomsifu ni wengi. Ni fundi cherehani, dada mkubwa wa mume wangu, na katika mji anakokaa, safari ya kutwa nzima kutoka kwetu, hakuna mama mwenye mtoto wa shule asiyemjua. Wanamwita Bibi Pindo. Jina hilo kalipata kwa haki, hilo sitamnyima.

Sare ikishonwa na mafundi wengine, mtoto akirefuka kidogo tu magoti yako nje na mzazi anarudi dukani. Ya wifi haiko hivyo. Chini ya gauni anakunja pindo, juu ya pindo anakunja jingine, na jingine, na kila kunjo analipigia bandi ya mkono, mshono wa kufumuka kirahisi, kwa uzi wake peke yake. Fundo la uzi analiacha upande wa ndani, mahali mama anapoweza kulishika. Mwaka mpya wa shule ukianza, mama haendi kwa fundi. Anavuta uzi mmoja, gauni linashuka, maisha yanaendelea. Ila mtoto wa darasa la mwisho humshonea bapa, bila kunjo hata moja. "Huyu anapita tu," husema. "Kitambaa cha kumkunjia cha nini?"

Cherehani yake iko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo hata yeye, mfupi alivyo, hawezi kusimama wima. Hapo ndipo umri wake wote ulipoishia, akipima watoto wa wenzake. Wa kwake hakujaliwa. Silisemi hilo kwa kumsimanga. Nalisema kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki.

Mume wangu alikulia chini ya ngazi hizo. Kwa jinsi hadithi inavyosimuliwa kwao, baba yao aliondoka akasahau njia ya kurudi, mama hana mbele wala nyuma, dada ameshapata kazi mjini, basi dada akamchukua mdogo wake kwa muhula mmoja tu, mpaka mambo ya mama yakae sawa. Akamsomesha hadi akawa fundi wa friji. Ndiyo maana kwao Bibi Pindo haambiwi hapana. Akisema kiti kikae mlangoni, kitakaa mlangoni na watu watapitia dirishani. Mimi niliolewa na mtu mwenye mama wawili, na aliyenikosesha raha siye yule aliyemzaa.

Aliyemzaa nilimkuta mzee tayari, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Wiki ya harusi yetu alikuja, nikachemsha chai, nikampa birika awamiminie watu kwa heshima yake. Alipofika kwa mwanawe alisimama na kijiko mkononi, akamwuliza, "Wewe, baba, sukari unatia?" Mimi nilicheka, nikidhani ni uzee. Hakuna mwingine aliyecheka.

Sasa njoo kwenye hiyo likizo ya ufukweni.

Kuna mzee mmoja mwenye nyumba kando ya bahari. Mume wangu alimtengenezea friji, mzee akafurahi, akamwambia achukue funguo akae wiki nzima na familia, maana msimu huu hakuna mpangaji. Mume wangu akarudi nyumbani meno yote nje. Hakujiuliza kwa nini msimu huo hakuna mpangaji. Wanasema rahisi ghali. Ya bure sijui tuiteje.

Mabegi yameshafungwa ndipo akaniambia, "Dada naye anakuja."

"Anakuja kufanya nini?"

"Naye apumzike kidogo, mke wangu. Amechoka."

"Apumzike na mimi?"

Akajifanya anatafuta viatu. Nilijua. Tangu katikati ya mwaka wifi alikuwa ananipigia simu kwa jambo moja tu: anamtaka binti yangu. Tunamwita Kasuku, ana miaka saba, mdomo haujui kufungwa, jirani akipiga chafya habari imeshafika mtaa wa pili. Wifi anamtaka akakae naye, asome kule. Nilikataa mara ya kwanza kwa adabu na mara zilizofuata bila adabu. Mume wangu kila mara alikuwa na wimbo wake uleule. "Ni muhula mmoja tu. Apate kampani, mtoto naye abadilishe hewa."

"Hewa ya chini ya ngazi?" nilimwuliza. Akaufyata.

Tukaenda. Dhoruba ikatupokea siku hiyohiyo, kabla hata hatujajua swichi ya taa iko wapi. Na tulipoijua, umeme ukakatika. Nyumba yenyewe ni sebule katikati, vyumba viwili, jiko nyuma, bati juu. Mvua ikipiga bati lile husikii hata mawazo yako. Upepo ulipitisha mchanga chini ya mlango mpaka vitandani, tukawa tunalala kama mihogo iliyofukiwa. Bahari ambayo watoto waliahidiwa kuogelea ilikuwa ya rangi ya matope, inapanda hadi kwenye uzio, inatupa magogo na kandambili za watu. Bonge, mdogo wake Kasuku, hajafika miaka mitatu na kutembea kwake ni kama gunia limeamua kutembea. Aliiona bahari mara moja, akalia, akasema turudi kwetu. Ni yeye peke yake aliyekuwa na akili katika nyumba ile.

Fikiria sasa, watu wazima watatu wasioelewana, watoto wawili, sebule moja, mvua haikatiki. Wifi alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, likizoni, kama daktari asiyevua kipimo. Alikaa karibu na dirisha akimwita Kasuku. "Njoo shangazi akupime umeongezeka kiasi gani tangu jana." Kasuku anacheka, ananyoosha mikono, anapimwa kifua, kiuno, bega hadi goti. Nami nimekaa namtazama. Niliona ni mchezo wa fundi asiyejua kucheza kingine.

Ugomvi haukuhitaji sababu. Nikifungua dirisha, analifunga. Nikimvalisha Bonge soksi, anamvua, eti miguu ipate hewa. Maharage yangu yalikuwa na chumvi nyingi, chai yangu haikuchemka, birika akalichukua awamiminie watoto yeye. Na kila akikosa la kusema anarudi kwenye kazi yangu. Mimi naoka mikate katika kiwanda. Natoka nyumbani kabla ya alfajiri, watoto wamelala, narudi mchana nimechoka nalala. Chai ya asubuhi na kuwapeleka shule ni kazi ya baba yao. Tulikubaliana hivyo na nyumba inakwenda.

"Mtoto anaamka, mama hayupo," wifi alisema, tena mbele ya watoto, akikata uzi kwa meno. "Anarudi shule, mama kalala. Sasa huyu analelewa na nani, redio?"

"Analelewa na baba yake, wifi. Au naye hatoshi?"

"Baba yake nimemlea mimi."

"Basi kazi uliimaliza. Pumzika."

Mume wangu akakohoa. Ndicho alichojua kufanya wiki ile, kukohoa. Nilimkata jicho mpaka akaenda kukagua ndoo zinazokinga mvua, ambazo hazikuwa na haja ya kukaguliwa. Usiniulize kama nilikuwa namchukia wifi. Nilikuwa namchukia, na yeye ananichukia, na wote wawili tulikuwa tunalijua hilo na kupeana chumvi mezani.

Siku yenyewe ilianza kwa ujinga wa baba watoto. Mvua ilipunguza kidogo, akasema tumekuja baharini na watoto hawajaigusa bahari, haiwezekani, anawapeleka wakaone mawimbi. Nikamwambia asiende. Wifi naye akamwambia asiende; ndiyo mara pekee tulikubaliana. Akaenda. Hawakufika mbali, mvua ikawarudia kwa hasira, wakarejea wamelowa mpaka kwenye mifupa. Kasuku meno yanagongana, Bonge analia bila sauti.

Nikakimbilia chumbani kuchukua nguo kavu, nikakuta bati la pembeni limeinuliwa na upepo na maji yanamwagika moja kwa moja juu ya mabegi yetu. Nguo zote chepechepe, za watoto, zetu, mashuka, taulo. Niligeuza begi zima sikupata hata soksi kavu. Wifi alikuwa jikoni nyuma akipigana na moshi wa kuni mbichi. Nikaingia chumbani kwake. Begi lake ninalijua, analifunga kwa nailoni ndani na nje, kama anavyofunga vitambaa vya wateja. Nikafungua nipate chochote cha kumfunika mtoto.

Juu kulikuwa na khanga mbili. Nikachukua moja nikamviringisha Bonge. Chini yake kulikuwa na gauni la shule, jipya, la kimo cha Kasuku, rangi ya damu ya mzee. Shule ya mwanangu wanavaa bluu. Damu ya mzee wanavaa watoto wa shule iliyo mbele ya ngazi za wifi; nimeziona sare hizo zimening'inia pale mstari mzima.

Nikalinyanyua. Kasuku alikuwa amesimama mlangoni anatetemeka.

"Hili unalijua?" nikamwuliza.

Akatazama chini. Mtoto ambaye hajawahi kuficha hata njozi. "Shangazi alisema nisikuambie mpaka siku ya kuondoka."

"Siku ya kuondoka itakuwaje?"

"Mimi na shangazi tunapanda basi letu. Nyinyi mnapanda lenu na Bonge." Akafikiri kidogo. "Alisema ukijua mapema utalia."

"Na baba alisema nini?"

"Alisema nikawe na adabu."

Nilikaa kitandani kwa wifi, kwenye shuka lake kavu. Sikulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wakati ule sikusikia uchungu, nilisikia moto. Nikaligeuza gauni nitazame kazi ya mkono wake, maana hata adui ukimkuta na kisu utatazama mpini. Ndipo nikaona lile pindo. Lilikuwa nene kama mkanda. Nikapitisha kidole ndani, nikakuta fundo, na fundo, na fundo, uzi juu ya uzi, hadi nikaacha kuhesabu.

Nikamwambia Kasuku, "Njoo uvae. Ndiyo nguo kavu ya kimo chako."

Likamkaa sawasawa, kama kazaliwa nalo. Nikamshika mkono, tukatoka sebuleni. Mume wangu alikuwa anakamua suruali yake kwenye ndoo. Wifi aliingia kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, akamwona mtoto. Hakushtuka hata kidogo.

"Umepekua begi langu," alisema.

"Nimepekua. Nguo za wanangu zote zimelowa. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, wifi, mimi nimekikuta begini mwako." Nikamgeukia mume wangu. "Mtoto anaondoka na basi jingine, mimi ndiye ninayejua wa mwisho. Kwa muda gani?"

"Muhula mmoja tu," alisema, macho kwenye ndoo. "Nilitaka nikuambie."

"Sawa. Tuuone huo muhula."

Nikapiga magoti sakafuni, nikaingiza kidole kwenye pindo, nikavuta uzi wa kwanza. Gauni likashuka chini ya magoti. "Huu mwakani," nikasema. Nikavuta wa pili, likafika katikati ya muundi. "Huu mwaka unaofuata. Hapa jino la mbele limeshaota na mimi sikuliona." Nikavuta mwingine, likafunika vidole vya miguu. "Hapa ananifikia begani." Nikavuta nyuzi zote zilizobaki, kitambaa kikalala sakafuni. Kasuku akakishika kwa mikono miwili asije akakikanyaga. Alionekana kama mtoto aliyeiba nguo ya mtu mzima.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Wifi akapandisha sauti, si kwa hasira, ili asikike.

"Ndivyo ninavyoshona. Kila mtu namshonea hivyo. Uliza mji mzima."

Kweli mji mzima ungemtetea. Nilifungua mdomo nimtukane tu basi, maana ndicho kilichokuwa kimebaki, lakini mume wangu akatangulia.

"Anayepita humkunjii, dada."

Alisema polepole sana. Ameacha suruali ndani ya ndoo, anatazama kile kitambaa kilicholala chini. Yeye ndiye aliyekuwa akifagia nyuzi chini ya cherehani ile utoto wake wote; anajua nani alikunjiwa na nani alishonewa bapa.

"Usiingilie usilolijua," wifi akamwambia.

"Kaptura yangu ya kwanza ilikuwa na nyuzi ngapi?"

"Ulikuwa mdogo. Hukumbuki."

"Nakumbuka. Nilizivuta mwenyewe, kila mwaka. Nilikuwa nafikiri shule zote zinafanya hivyo." Akafuta uso kwa mkono uliolowa. "Mama alikuja kunichukua muhula ule ulipoisha. Ukamwambia asubiri nguo ichakae kwanza. Alirudi peke yake na basi la jioni."

"Na ningekuacha kule ungekula nini, mawe?" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mama alikuwa hana hata kitanda. Nilikulisha mimi, nilikuuguza mimi, nilikosa kuolewa kwa sababu yako, nani atachukua mwanamke mwenye mtoto asiyemzaa? Leo umepata mke, anakufundisha kunihesabia nyuzi."

"Ulinilisha, dada. Sikatai na sitakataa." Alikitazama kile kitambaa tena. "Lakini mama yangu aliniuliza kama natia sukari."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile nilicheka peke yangu. Nilimtazama wifi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

"Kasuku haendi," mume wangu akasema. Tangu nimjue, hajawahi kumwambia dada yake neno kama hilo. Akaliokota lile neno tena ili lisipotee. "Haendi, dada. Hata muhula mmoja."

Wifi akasogea, akamtazama mtoto juu hadi chini, si kwa huruma. "Mvueni nguo yangu," alisema.

Nikamvua. Nikamfunga Kasuku kwenye ile khanga ya pili, sikuomba ruhusa. Wifi akalichukua gauni, akalikung'uta mchanga, akaenda kukaa kwenye kiti chake dirishani, akatoa sindano kwenye kola ya blauzi yake. Akaanza kukunja upya, pindo juu ya pindo, kwa subira ileile. Sikujua analikunja kwa ajili ya nani. Labda ni mkono tu hauwezi kukaa bure. Labda kuna mtoto mwingine wa kimo hicho. Akisikia habari ya mimba katika ukoo huu, mimi nitakuwa nimehama.

Kama ingekuwa nyumba ya kawaida, mtu angechukua begi lake akaondoka, na kila mmoja akapumulia kwake. Lakini barabara ilikuwa imemezwa na maji. Tukabaki hapohapo, sebule moja, tukisikilizana kupumua. Bonge akalala juu ya mapaja ya baba yake. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Nilirudi na birika na vikombe. Ya mume wangu naijua, vijiko viwili vilivyojaa. Ya wifi niliitia kidogo, akose cha kulalamikia apate cha kulalamikia, shauri yake. Nikafika kwenye kikombe cha Kasuku. Nikachota sukari, na mkono ukasimama.

Sikujua. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomtilia mimi, nikaona tanuri, nikaona trei za mikate, nikaona mto wangu wa mchana. Kasuku alikuwa amekaa mbele yangu na khanga yake, angenijibu kwa furaha, kumwuliza ni sekunde moja. Lakini swali hilo nilishalisikia mara moja maishani mwangu, likiulizwa na mwanamke aliyesimama na kijiko kama mimi, na mdomo wangu ulikataa kulisema.

Mume wangu aliona. Alifungua mdomo, ila hakumuwahi dada yake.

"Kimoja na nusu," wifi alisema, hakuinua kichwa, sindano inaingia na kutoka. "Na usikoroge. Anapenda kuikuta chini."

Nikatia kimoja na nusu. Halafu nikakoroga, nikakoroga vizuri, kijiko kinagonga kikombe chumba kizima kinasikia. Kasuku alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kisha akainywa chai yake yote bila kusema neno.